Jina la shemeji: kisa cha mama Mkongomani wa Kayole

Kwa miezi kumi na mitano ya kwanza Nairobi, mama huyu hakuwa na kitu chochote chenye jina lake isipokuwa karatasi ya mwomba hifadhi. Chumba kilipangwa kwa jina la shemeji. Laini ya simu ilikuwa ya shemeji, na M-Pesa iliyomo vilevile. Fomu ya shule ya mtoto mkubwa ilikuwa na namba ya shemeji mahali pa mzazi. Shemeji alipopanda ndege kwenda Marekani Machi 2024, nusu ya maisha ya mama huyu hapa mjini ikaondoka naye.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimeshonwa kutokana na hali zinazojirudia kwa wanawake wa Kongo waishio Kayole, Kasarani, Githurai na Kawangware, na hesabu zilizomo ni za kuonyesha jinsi biashara na nyumba za namna hii zinavyokwenda. Swali ni lile linaloulizwa kila mara: mbona mama mgeni hajichanganyi? Majibu ya haraka huwa ni mila, aibu na lugha. Yote matatu yapo, ila katika kisa hiki yanakuja nyuma. La mbele ni kwamba kila mlango wa mji huu unauliza jina na namba ya simu, na yeye alikuwa akiingia kwa jina la mtu mwingine.

Alivyofika

Ana miaka 34. Kwao ni Bukavu, ameolewa Goma. Alitoka mwishoni mwa 2022, mapigano ya waasi wa M23 yalipokaribia mji, mumewe akabaki nyuma. Alipita Uganda, akaingia Kenya kwa Busia akiwa na watoto watatu: wa miaka 10, 6 na 2. Shemeji, mdogo wa mume, alikuwa Kayole tangu zamani, ana kitambulisho cha mkimbizi na chumba kimoja cha Sh5,500 kwa mwezi ghorofa ya tatu. Chumba kikagawanywa kwa pazia la kitenge.

Januari 2023 alikwenda ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, Shauri Moyo, akaandikishwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambua mtu tangu anapoomba hifadhi. Lakini mwomba hifadhi ana karatasi, na mkimbizi aliyekubaliwa ana kadi yenye picha, idumuyo miaka 5. Kisheria wote wawili wako salama. Mbele ya wakala wa laini, benki au keateka (mtunza nyumba) wa ploti, tofauti ni kama ya tiketi na ahadi ya tiketi.

Kosa la kwanza lilitokea siku hiyohiyo na hakuna aliyeliona. Jina lake la ukoo ni la Kishi, lugha ya kwao Bukavu, linaanza na C inayotamkwa "ch". Alilitaja kwa mdomo, hakuliandika. Kwenye karatasi likatoka na K. Zaidi ya hapo, Wakongomani wengi hawampi mtoto jina la tatu la baba kama ilivyo desturi ya fomu za Kenya. Kila mtoto ana majina yake mwenyewe. Basi mama akawa na jina moja, watoto watatu majina matatu tofauti, na karatasi ikawa na herufi isiyo yake. Mtu akiuliza "hawa ni wako kweli?" hana pa kuonyesha. Dawa yake ni ndogo: andika majina yote kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi kabla hujatoka nyumbani, umpe karani akopi, kisha soma alichochapa kabla hujaondoka dirishani. Kurekebisha baadaye kulihitaji hati ya kiapo, barua, na safari nne. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya hutoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi bila malipo, na huduma za ofisi ya wakimbizi zenyewe hazilipiwi. Anayeomba "ya chai" ili faili isogee anakuibia.

Kiswahili anacho

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kuwa anaongea Kiswahili, kila mtu alidhani lugha si tatizo, hata yeye. Somali au Mwethiopia akifika Eastleigh bila Kiswahili hupelekwa darasani, Mkongomani huambiwa "wewe uko sawa."

Kiswahili chake ni cha Goma. Anasema aksanti, mutoto, ku masomo kwa maana ya shuleni. Ugali kwake ni bukari, kitenge ni kikwembe. Maneno haya yanaeleweka, na balaa liko hapohapo: yanaeleweka na yanamtaja. Akifungua mdomo kwa mama mboga anaulizwa "wewe ni wa Congo?", na sukuma ya shilingi ishirini inakuwa ya thelathini. Akafanya wanachofanya wengi: akanyamaza. Alinunua kwa kuonyesha kidole, au alimtuma kijana wake.

Kigumu zaidi kilikuwa pesa. Mtu wa Goma huhesabu noti kwa Kifaransa, na vitu vikubwa kwa dola. Kayole wanahesabu kwa Sheng: ashu ni kumi, mbao ishirini, finje hamsini, soo mia, ngiri elfu. Kondakta akisema "finje" na abiria ametulia akiwaza, abiria huyo tayari ni mgeni. Maneno kama kumi ya pesa, yakifundishwa kwa jioni mbili na mtoto wa jirani, yangemfaa kuliko sarufi ya miezi mitatu. Mafunzo mengi ya lugha yanaanzia kwenye salamu, jambo ambalo yeye alilijua kuwashinda walimu.

Halafu kulikuwa na sombe. Majani ya muhogo hutwangwa kwenye kinu hadi yalainike kabisa kabla ya kupikwa muda mrefu. Ghorofa ya tatu, saa mbili usiku, kinu kinapiga sakafu ambayo ni dari ya mtu mwingine. Keateka alipanda mara mbili. Mara ya tatu alimwendea shemeji, si yeye, kwa sababu mpangaji ni shemeji. Mama huyu alijua kuna lalamiko baada ya wiki, naye jirani wa chini akawa ameshaamua kwamba watu wa juu ni wakaidi. Siku hizi majani anayapeleka posho mill, mashine ya kusaga, anasagiwa kwa malipo kidogo. Suluhisho lilikuwa mita mia mbili kutoka mlangoni tangu mwanzo. Hakuna aliyemwambia kwa kuwa hakuna aliyezungumza naye.

Tusichore picha ya mtu mpweke, maana si kweli. Jumapili aliongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la Wakongomani, na alikuwa kwenye likelemba, mchango wa kupokezana zamu, ya wanawake kumi, Sh200 kwa wiki. Kwa wenzake alishiriki kupita wengi wetu. Ila mduara ule ulikuwa wa watu wenye shida zilezile: hakuna aliyekuwa na namba ya mwalimu mkuu wala aliyejua shule ipi ina nafasi.

Hesabu ya siku moja

Biashara yake ni vitenge. Ananunua Eastleigh pande la yadi 6 kwa Sh950, anauza Sh1,350 kwa awamu mbili za Sh675, ofisini kwa watu katikati ya mji, saa ya chakula cha mchana. Faida ni Sh400 kwa pande.

Siku ya kutoka ina gharama kabla hajauza: Sh100 za kulelewa mtoto mdogo, Sh140 za matatu kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano, na Sh60 za chai na andazi. Jumla Sh300. Akiuza pande moja anabaki na Sh100. Akiuza mawili anabaki na Sh500, na kwa siku kumi na mbili za kazi kwa mwezi hiyo ni Sh6,000, yaani kodi ya chumba na mia tano juu.

Kwa nini siku kumi na mbili tu? Kwa sababu ya simu, tutaifikia sasa hivi, na kwa sababu ya maji. Kayole maji ya mfereji huja kwa zamu. Siku ya maji lazima mtu mzima awepo ajaze mitungi, la sivyo ananunua kwa mkokoteni. Mlezi wa watoto naye anataka mtoto achukuliwe mapema jioni. Dirisha lake la kuuza lilikuwa saa nne asubuhi hadi saa tisa, safari zikiwemo. Anayemwita mama huyu kwenye mafunzo ya siku tano ya "kumwezesha", saa tatu hadi saa kumi, anamwomba aache wiki nzima ya kipato. Akikosa, kwenye ripoti anaandikwa hana mwamko. Sisi tungeanza kwa kuuliza saa.

Na kanjo, askari wa kaunti. Anayetembeza nguo barabarani bila kibali cha kaunti hukamatwa na mali yake huenda. Ndiyo maana aliuza ndani ya ofisi, mfuko ukiwa umefungwa, pande mbili tatu kwa safari. Kupunguza mzigo kulimlinda dhidi ya hasara kubwa na papo hapo kukampunguzia mauzo, maana mteja hununua rangi anayoiona.

Laini ya mtu mwingine

Nairobi karani wa ofisi hatembei na pesa taslimu. Analipa kwa M-Pesa, na kabla ya kuthibitisha anaona jina la anayepokea. Mara ngapi mteja alisoma jina la mwanamume, akainua macho: "Hii ni ya nani?" Ukijibu "ya shemeji yangu," nusu wanacheka na kulipa, nusu wanasema watalipa kesho. Mauzo yaliyokufa kwa sentensi hiyo hayaandikwi popote.

Kibaya zaidi, simu yenyewe shemeji aliichukua jioni na siku za kazi zake. Ndiyo sababu ya siku kumi na mbili. Mteja aliyepiga jioni kuagiza alipokewa na sauti ya mwanamume.

Kisha Fuliza. Shemeji alikuwa amechukua Sh3,800 kwa mkopo huo wa M-Pesa. Fuliza hujilipa yenyewe: pesa yoyote ikiingia kwenye akaunti inakatwa kwanza. Wiki moja ya mwisho wa mwezi wateja wanne walituma awamu zao za Sh675, jumla Sh2,700, na zote zikamezwa. Mteja amelipa, kitenge kimekwenda, mtaji haupo. Shemeji hakukusudia kumwibia. Hata yeye aliona tu ujumbe kwamba deni limepungua. Lakini mama huyu hakuweza kudai pesa yake kwa mtu yeyote, maana kwa maandishi haikuwa yake.

Shemeji alipoondoka alimwachia laini pamoja na namba ya siri. Ikaonekana kama ukombozi. Miezi mitatu baadaye, Juni 2024, simu iliibwa ndani ya matatu karibu na Muthurwa. Kurudisha laini kunamtaka mwenye jina afike na kitambulisho chake, na mwenye jina alikuwa Marekani. Vitenge 23 vilikuwa nje vikidaiwa awamu ya pili: Sh15,525 kwa watu ambao namba zao zilikuwa ndani ya simu hiyo na hazikuandikwa mahali pengine popote.

Alizifuata kwa miguu, ghorofa kwa ghorofa, akiwakumbuka wateja kwa vitenge walivyonunua. Kumi na saba walilipa. Sita hakuwapata, au walimwambia walishalipa, naye hakuwa na ushahidi. Tangu hapo ana daftari la kurasa 96 lenye safu tano: jina, jengo na ghorofa, rangi ya kitenge, alicholipa, kilichobaki, mteja anatia sahihi kila awamu. Biashara ya mkopo bila daftari ni sadaka.

Hadi alipopata kadi yake aliuza kwa taslimu tu, na mauzo yakashuka chini ya nusu.

Shuleni

Mtoto mkubwa alipokelewa shule ya umma, lakini aliwekwa Gredi ya 3 kwa sababu ya Kiingereza, ingawa hesabu alizijua za darasa la juu. Hilo ni la kawaida kwa watoto waliosoma kwa Kifaransa, na linaweza kujadiliwa kama mzazi atafika: aombe mtoto apimwe hesabu peke yake, na aombe kupandishwa mwisho wa muhula. Yeye hakufika. Mikutano ya wazazi ilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp, na namba iliyokuwemo ni ya shemeji. Mihula mitatu mfululizo mwalimu wa darasa aliamini mama huyu hajali. Mama naye aliamini shule ya Kenya haiwaiti wazazi, kwa sababu kwake haijawahi kuita. Walipokutana hatimaye, mwalimu alikuwa ameshika rejista ya mahudhurio ya wazazi yenye mstari mtupu mbele ya jina la mtoto.

Kungoja safari

Kuna sababu moja ambayo wanawake wenyewe huitaja wakishakuzoea: "tuko kwa safari." Familia yenye jamaa aliyehamishiwa Marekani, au yenye faili inayosubiri, huishi kama abiria aliyekaa juu ya sanduku. Mama huyu hakununua kitanda kwa miaka miwili. Walilala kwenye magodoro kwa sababu kitanda hakibebeki. Hakujiunga na chama cha wanawake wa ploti, Sh500 kwa mwezi, watu kumi na wawili, kwa sababu mzunguko ni mwaka mzima na yeye "labda atakuwa ameondoka." Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wengi walivunjika moyo. Kwake, na tunalisema hili kwa tahadhari, ndipo kitanda kiliponunuliwa.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na sheria ya Kenya inaruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama kuacha hadhi hiyo na kuishi kama raia wa Jumuiya. Ameshauriwa mara kadhaa, na watu wenye nia njema, afanye hivyo. Kwa mama asiye na pasipoti na ambaye hawezi kurudi Goma, ni kubadilisha mwavuli kwa kofia.

Mpangilio uliofungua

Kadi yake ilitoka Februari 2025, jina likiwa limerekebishwa. Kilichofuata kilifanywa kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio uliosaidia, kwa sababu kila hatua ilihitaji ile iliyotangulia.

Siku ileile, laini. Si benki, si biashara. Laini kwanza, kwa kadi yake, jina lake. Siku mbili zilizofuata alipita kwa wateja wote wa daftari akiwapa namba mpya na kuwataka watume shilingi moja moja palepale waone jina linalotokea. Alifuta kicheko cha "ni ya nani" kwa gharama ya shilingi chache.

Wiki hiyo, keateka. Tangu Machi 2024 alikuwa akilipa kodi lakini risiti zikaandikwa jina la shemeji, na diposti shemeji alikuwa ameshaila kama kodi ya mwezi wake wa mwisho, jambo ambalo halikuwa limesemwa. Keateka alidai diposti mpya. Walikubaliana Sh5,500 zilipwe kwa miezi minne, kwa maandishi, na risiti zibadilike kuanzia mwezi huo. Alipokuwa mpangaji kwa jina, malalamiko yalianza kumjia yeye. Watu wanaweza kuona hilo kama mzigo, yeye alilifurahia.

Kisha shule: fomu mpya, namba mpya, kundi la WhatsApp. Ujumbe mwingi ni wa Kiingereza. Kijana humsomea, lakini ujumbe kumhusu kijana mwenyewe husomwa na jirani. Sheria hiyo waliiweka baada ya barua moja ya mwalimu kutafsiriwa vizuri mno.

Bima ya afya ya serikali, SHA, alijiandikisha kwa *147#. Anayejiajiri hulipa angalau Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600. Pesa hiyo kwa mkupuo hakuwa nayo, na hapa ndipo chama cha ploti kilipoingia. Kilimtaka awe na M-Pesa yenye jina lake na mtu mmoja wa kumdhamini. Mdhamini alikuwa jirani wa chini, yule wa kinu. Amepewa zamu ya tisa.

Bado hajapata kibali cha biashara, na kijana amepanda gredi moja badala ya mbili walizoomba. Kwenye fomu ya shule ya mwaka huu kuna nafasi ya mtu wa pili wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Ameandika jina la jirani huyo. Jirani naye ana binti Gredi ya 2 shuleni hapohapo, na kwenye fomu yake ameandika jina la mama huyu, kwa C.